Dirisha linavuja? Usikimbilie silikoni

Maji yakionekana chini ya dirisha, wengi huamua papo hapo kwamba dirisha ni bovu, na fundi hupaka silikoni kila ufa anaouona. Mara nyingi kosa liko kwingine. Maji yanaweza kuingilia kwenye plasta iliyopasuka juu, au pale paa linapokutana na ukuta, yakashuka kimyakimya hadi yakakuta uwazi wa fremu na kutokea hapo. Dirisha limesingiziwa tu.

Tena, fremu nyingi za alumini hazikuundwa kuzuia kila tone. Maji kidogo huruhusiwa kuingia kwenye mfereji wa chini, kisha hutoka nje kupitia vitundu vidogo. Ukiviziba ukidhani ni kasoro, mfereji hujaa na maji humwagikia ndani. Hili, kwa maoni yangu, ndilo kosa baya kuliko yote, maana hufanywa kwa nia njema.

Mchunguzi makini hunyunyizia ukuta maji akianzia chini, sehemu moja moja, na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kupanda. Akianzia juu, maji yatatiririka na kulowesha kila kitu, asijue yalikoingilia. Huuliza pia: huvuja kwa mvua yoyote, au ile inayosukumwa na upepo tu? Na kama unyevu upo hata siku kavu, huenda mvua haihusiki kabisa: ni bomba lililopasuka ukutani, au mvuke wa chumbani unaogeuka matone kwenye kioo baridi.