Kuseti shoki za pikipiki kwa barabara za Nairobi na kwa treki

Ombi ninalolisikia zaidi karakanani ni hili: "Fundi, kaza." Mwenye pikipiki ameona zile za mbio kwenye runinga haziyumbi konani, akaamua kwamba ugumu ndio siri. Mimi humjibu kwa swali ambalo wengi hawalipendi: una kilo ngapi, ukiwa umevaa koti, buti na helmeti?

Naanza na kilo kwa sababu ndani ya shoki mna kazi mbili tofauti. Springi hubeba uzito. Oili, inayolazimishwa kupenya kwenye vitundu na vali, huipunguza springi kasi isirukeruke. Hiyo ndiyo dampingi. Zile skrubu ndogo unazozungusha kwa bisibisi, zenye H upande wa kukaza na S upande wa kulegeza, nyingi ni za oili. Kama springi haikufai kwa uzito wako, utazizungusha hadi zichoke na pikipiki isitulie.

Kwa hivyo tunapima kwanza jinsi pikipiki inavyozama ikikaliwa, yaani sagi. Inyanyue hadi gurudumu la nyuma liwe hewani na shoki ijinyooshe yote. Pima kutoka ekseli hadi alama uliyoibandika kwenye mkia, moja kwa moja juu yake. Ishushe, panda na nguo zako zote za safari, miguu juu ya vikanyagio, mtu mmoja akushikilie na mwingine apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo sagi yako. Mbele ni vivyo hivyo, ila funga kamba ya plastiki kwenye bomba la shoki ikusaidie kusoma. Sili, ile mipira inayozuia oili isivuje, hushikilia kidogo, kwa hivyo pima mara moja baada ya kubonyeza pikipiki chini na mara nyingine baada ya kuivuta juu, kisha chukua katikati.

Kwa pikipiki ya lami, ukiwa barabarani, milimita 30 hadi 40 mbele na nyuma ni mahali pazuri pa kuanzia. Treki, yaani njia ya mbio, hutaka pungufu kidogo, kama 25 hadi 35. Zile ndefu za safari na murramu zina mwendo mrefu wa shoki, yaani umbali inaoweza kubonyea, basi huzama zaidi. Hesabu ya theluthi moja ya mwendo wote haiwezi kukupoteza sana.

Sagi hurekebishwa kwa kuongeza au kupunguza mkazo wa awali wa springi, ile nati au kola inayozungushwa kwa spana ya ndoano. Hapa ndipo uongo mwingi hupita. Kukaza kola hakufanyi springi iwe ngumu. Kama ni springi ya nyuzi zilizolingana, kila milimita inayobanwa bado inadai nguvu ileile. Ulichofanya ni kuinua pikipiki na kubadilisha mahali shoki inapoanzia kazi. Ndiyo maana nikishapata sagi ya mpanda, hupima pia pikipiki ikiwa peke yake. Nyuma inapaswa kuzama milimita 5 hadi 15 hivi kwa uzito wake yenyewe. Kama haizami kabisa, na sagi yako ukiwa juu ni sawa, ujue umeikaza springi laini ili ikubebe, na dawa ni springi nzito zaidi. Ikizama kupita kiasi ilhali wewe ukipanda iko sawa, springi ni nzito kuliko mwili wako. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na nashangaa ni wangapi hununua shoki mpya bila kukifanya.

Sasa oili. Mwanagenzi afahamu kwanza kwamba spidi inayohusika hapa ni ya shoki kuingia na kutoka, wala si ile ya kwenye mita. Ukifunga breki kwa nguvu ukiwa kilomita 150 kwa saa, mbele huzama polepole. Ukigonga tuta la Rongai lisilopakwa rangi ukiwa kilomita 30 tu, shoki hupigwa kwa kasi kubwa mno. Shoki za bei huwa na skrubu mbili za kompresheni, yaani shoki inavyobonyea, kwa sababu hiyo: moja ya mwendo wa taratibu, nyingine ya kishindo. Ukiwa nayo moja tu, mara nyingi ni ile ya taratibu, na haitakusaidia sana kwenye shimo.

Ribaundi, yaani shoki inavyorudi juu, ndiyo ninayokuta imeharibiwa mara nyingi, na barabara zetu huanika kosa hilo haraka. Fikiria ile mistari ya matuta madogo kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu. Tuta la kwanza linabonyeza shoki. Ribaundi ikiwa imekazwa sana, gurudumu halijarudi chini vizuri, na tuta la pili limeshafika. Shoki inabonyea zaidi. La tatu, la nne, sasa umebakiza mwendo mdogo na kila pigo linapanda hadi kwenye viganja. Mpanda anasema, "Hii ni ngumu sana," anafungua kompresheni, na hali inazidi kuwa mbaya kwa sababu sasa inazama kwa urahisi zaidi na bado hairudi. Alipaswa kufungua ribaundi. Ukikuta tuta la kwanza ni laini na la mwisho linauma, hapo hapana mjadala.

Ikiwa imelegea mno, dalili ni nyingine: pikipiki hupanda na kushuka baada ya wimbi moja la lami, na katika kona ndefu inaogelea. Jaribio la karakanani ni kubonyeza kiti kwa uzito wako na kuachilia. Kirudi juu kwa utulivu, kisimame. Kikirudi, kikashuka tena, kaza kidogo. Kikirudi kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa usiku, legeza.

Kabla hujagusa skrubu yoyote, izungushe taratibu hadi ifunge, ukihesabu kliki, uandike, kisha uirudishe ilipokuwa. Usiisonge ikishafika mwisho; sindano iliyomo ndani huharibika. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kliki mbili, kisha rudia barabara ileile. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja hatajua kipi kilimfaa.

Mambo mengine hayahitaji skrubu. Mnyororo uliokazwa kama waya wa gitaa huzuia shoki ya nyuma kufanya kazi, na bodaboda nyingi huja hivyo. Oili ya shoki za mbele huchoka na kuchafuka hata kama haivuji, na ukiifuata barabara ya vumbi kila siku, futa mabomba jioni kabla mchanga haujakata sili. Sili ikivuja, usingoje mwisho wa mwezi: oili hiyo hutiririka hadi kwenye pedi za breki. Kwa Boxer au TVS ya kazi, ambayo mbele haina skrubu yoyote, huduma ya oili pamoja na hatua sahihi za kola za nyuma ndiyo karibu seti yote. Siku ya kubeba abiria wawili (najua hairuhusiwi, lakini nawaona), hakuna hatua ya kola itakayokuokoa.

Upepo wa tairi nao ni sehemu ya shoki. Pikipiki nyingi za michezo huandikiwa psi 36 mbele na 42 nyuma kwa barabara. Treki hushushwa, kwa kufuata maelekezo ya aliyetengeneza tairi hilo. Na kwa wanaosafiri: tairi lililojazwa Mombasa, likifika Nairobi ambako hewa ni nyepesi, geji husoma kama psi 2 juu zaidi hata likiwa baridi. Pima upya huku juu.

Treki hubadilisha mahitaji kwa sababu lami haina mashimo, na breki na kona ni kali. Ikiwa umejiandikisha kwa siku ya mazoezi kwenye njia ya karti, vile vigari vidogo vya mbio, kule Athi River, kona zake ni fupi na za mwendo mdogo, kwa hivyo usikimbilie seti za mbio kubwa ulizosoma mtandaoni. Punguza sagi kidogo, ongeza kliki mbili za kompresheni mbele ili isizame yote ukifunga breki, kisha tazama ile kamba ya plastiki. Ikiishia karibu milimita 10 kabla ya mwisho baada ya breki yako kali kuliko zote, mbele iko sawa. Ikigonga mwisho, gurudumu litarukaruka, nawe utalaumu tairi. Ikiacha mwendo mwingi, umekaza bure na unapoteza mshiko.

Nyuma, ukitoka konani na pikipiki inafunguka upana bila kutaka kugeuka, huenda mkia unazama mno unapofungua gesi. Ongeza mkazo wa awali kidogo, kisha kompresheni.

Jioni, kabla ya kutoka getini, toa daftari na urudishe kliki zote za barabarani. Safari ya kurudi mjini ni Mombasa Road, yenye mifereji iliyochimbwa na malori kwenye lami, na mikono yako tayari imechoka.