Anayeamua jinsia ya mtoto si mama

Wapo wanawake wanaoachwa kwa kuwa "wanazaa wasichana tu". Wanaonewa bure. Yai la mama kwa kawaida hubeba kromosomu (nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba sifa za kurithi) iitwayo X. Mbegu ya baba ndiyo huja na X, mtoto akawa msichana, au Y, akawa mvulana.

Hili si jipya. Mwaka 1905 Nettie Stevens wa Marekani, mwalimu aliyeingia Chuo Kikuu cha Stanford akiwa na miaka 35, alichunguza kwa hadubini seli za wadudu wa unga. Jike alikuwa na kromosomu 20 kubwa. Dume 19 kubwa na 1 ndogo. Hiyo ndogo ndiyo Y. Mwanabiolojia mwenzake wa Marekani, Edmund Wilson, aligundua jambo linalofanana mwaka uleule, na sifa nyingi (ajabu gani!) zikamwendea yeye.

Baba naye hachagui: inategemea tu ni mbegu ipi imelirutubisha yai.