“Hedi imekufa” na hukumu nyingine za haraka

Kijana aliiweka mezani Tascam 244, rekoda ya kaseti ya treki nne, na kabla sijagusa bisibisi hukumu ilikuwa imeshatoka: “Fundi, hedi imekufa. Treki ya tatu inasikika kama mtu anaimba ndani ya pipa.” Mashine alitumiwa na mjomba wake aliyeko Marekani. Alikuwa ameshaulizia bei ya hedi nyingine, na bei hiyo ilimtoa jasho.

Hedi, kile kichwa kinachoguswa na tepu ili kurekodi na kusoma sauti, hufa, sikatai. Lakini kwenye rekoda za treki nyingi, yaani zenye njia kadhaa za sauti sambamba kwenye tepu moja, husingiziwa mno. Tepu ya kaseti ina upana wa milimita 3.81 tu, na kwenye mashine hizi treki nne zimejipanga humo zote zikielekea upande mmoja, hakuna habari ya kugeuza kaseti. Hedi moja ndiyo inayozirekodi na kuzisoma zote. Tepu inapoisugua miaka nenda miaka rudi, huisugua nzima. Ni nadra treki ya katikati ife peke yake huku jirani zake wakiwa wazima. Za kuumia mwanzo huwa ya 1 na ya 4, maana ziko ukingoni, pale tepu inapojikunja. Na waya wa koili ndani ya hedi ukikatika, treki hunyamaza. Haififii.

Mimi huanza na swali moja: ugonjwa uko kwenye kurekodi au kwenye kusoma? Weka kaseti iliyorekodiwa wakati mashine ikiwa nzima. Ikisikika vizuri, njia ya kusoma ni salama, katafute kwenye kurekodi. Ikisikika vibaya, usirekodi chochote kwanza. Halafu hamisha waya: gitaa lililokuwa chaneli ya 3 lipeleke ya 2. Ubovu ukihama pamoja na waya, umeshamkamata mwizi, na hujafungua hata skrubu moja.

Kuna dalili moja ambayo hujitaja yenyewe. Rekodi mpya inatoka nyembamba, imekwaruzika, na chini yake wimbo wa zamani bado unasikika. Nimeona watu wakiagiza hedi mbili kwa mpigo, ya kufuta na ya kurekodi. Kumbe zote mbili zinalishwa na saketi moja, osileta inayotoa mawimbi ya kasi ambayo sikio la binadamu haliyapati. Osileta ikilala, tepu haifutiki, na sauti mpya haina kitu cha kuiwezesha kukaa kwenye tepu bila kukwaruzika. Hedi zote mbili zikionekana kuharibika siku moja, mlaumu anayezilisha.

“Kile kitufe cha dbx ni cha kupunguza kelele tu.” Hii imewasumbua wengi kuliko hedi zote mbovu nilizowahi kuziona. Rekoda ya kwanza ya aina hii ya kaseti, inayoitwa Portastudio, TEAC 144 ya mwaka 1979, ilikuja na Dolby B, mfumo mwingine wa kupunguza kelele. Ndugu yake 244 ikaja na dbx, na dbx haina mzaha. Wakati wa kurekodi huibana sauti kwa uwiano wa 2 kwa 1, na wakati wa kusoma huitanua irudi ilivyokuwa. Kaseti iliyobanwa ukiisoma bila kuitanua, inatoka kali, imejaa mvumo wa hewa, kila kitu kiko mbele. Ile ambayo haikubanwa ukiitanua, mwisho wa kila neno unamezwa. Tena mtambo huo hukuza makosa: treki ikipungua desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye tepu kwa sababu ya uchafu kidogo, masikioni inafika imepungua 6. Kwa hiyo vumbi ambalo redio kaseti ya kawaida ingelisamehe, hapa linajifanya ugonjwa mkubwa.

Ndiyo maana kusafisha hutangulia. Spiriti ya duka la dawa siipendi kwa kazi hii, kwa kuwa baadhi huwekewa mafuta ya kulainisha ngozi, na mafuta hayo yanabaki kwenye hedi. Tafuta alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na vijiti vya pamba, usugue mpaka kijiti kitoke kama kilivyoingia. Roli ya mpira ifute kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni. Alkoholi ikirudiwarudiwa huukausha mpira, na mpira mgumu huteleza, na ukiteleza mwimbaji anaanza kuyumba kama mlevi. Kuyumba huko nako husingiziwa mota. Angalia roli na mkanda kwanza.

“Sauti ya juu imepotea, geuza ile skrubu ya hedi.” Tafadhali usiiguse. Skrubu hiyo hupanga hedi isimame wima sawasawa kwa tepu, na kuisogeza kidogo tu hubadilisha sauti za juu. Ukiigeuza mpaka kaseti ya rafiki yako ing’ae, kaseti zako zote za nyuma zimefifia tangu dakika hiyo. Nimepokea mashine ambayo skrubu yake ilikuwa imeliwa kichwa kwa kugeuzwageuzwa, na ubovu wenyewe ulikuwa unga wa kahawia juu ya hedi. Kama lazima uiguse, weka alama kwa rangi ya kucha kwanza.

Kwenye mashine za reli, ambazo tepu yake iko kwenye reli wazi badala ya kaseti, zenye hedi tatu (ya kufuta, ya kurekodi na ya kusoma), kuna kisa kingine. Mtu anarekodi ngoma, anataka kuongeza sauti juu yake, anabonyeza swichi ya kulinganisha, na ghafla ngoma zinasikika zimefifia. Mashine haijaharibika. Ili sauti mpya iende sambamba na ya zamani, hedi ya kurekodi imegeuzwa kuwa ya kusomea kwa muda, na kwenye mashine nyingi za zamani hiyo haikuundwa kusoma vizuri. Rudisha swichi kwenye hedi ya kusoma, ung’avu unarudi.

“Mashine ya Marekani? Weka transfoma ya kushusha umeme, basi.” Nusu kweli. Transfoma hushusha volti, mizunguko haigusi. Kwao ni 60 kwa sekunde, kwetu 50. Mashine ya reli yenye mota inayofuata mizunguko ya umeme itakwenda kwa tano ya sita ya mwendo wake: inchi 15 kwa sekunde zinakuwa 12.5, na wimbo wa C unashuka hadi karibu na A. La kuchekesha ni kwamba ukirekodi na kusoma kwenye mashine hiyohiyo husikii kasoro yoyote. Unakuja kugundua siku unapopeleka tepu kwingine. Kijana wangu naye alikuwa na hofu hiyo, bila sababu: 244 ina mota ya DC yenye saketi yake ya kupima mwendo, ndiyo maana ina kirungu cha kupandisha na kushusha kasi. Hakikisha tu kirungu hicho kiko katikati.

Mvumo nao usikimbilie kuubadilishia kapasita zote, vile vipuri vinavyohifadhi na kulainisha umeme. Chomoa kila waya, baki na hedifoni peke yake. Ukinyamaza, ulikuwa mzunguko wa ethi, yaani mashine na amplifaya zimeunganishwa na ethi kwa njia zaidi ya moja. Ukibaki, na ni mvumo mkali kidogo, wa mizunguko 100 kwa sekunde, hapo kapasita za sehemu ya umeme zina kesi ya kujibu.

Na si kila kelele ni ya mashine. Tepu za reli kama Ampex 456 za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu, gundi yake ikawa kama ulimbo, na zikipita kwenye hedi hupiga mlio na kuacha matope. Wenye ujuzi huzioka kwa nyuzi 54 za Selsiasi hivi kwa saa kadhaa, kwenye chombo chenye joto la kudhibitiwa, halafu huhamisha sauti upesi. Usizianike juani. Tepu za asetati, plastiki ya zamani, haziokwi kabisa. Utazijua ukiielekeza reli kwenye taa na kuona mwanga unapenya.

Turudi kwa kijana. Nilisafisha, treki ya tatu ikabaki vilevile. Nikaisikiliza kupitia ile sehemu ndogo inayochukua sauti ya tepu bila kupita kwenye chaneli: safi, besi iko, matoazi yapo. Hedi ikaachiwa huru palepale. Kilichobaki kilikuwa swichi ya chaneli ya 3, ile ya kuchagua kati ya maikrofoni na tepu. Huku pwani hewa ya chumvi haihitaji mwaliko. Nikanyunyizia dawa ya kusafishia swichi, nikaisukuma kwenda na kurudi mara ishirini hivi, na katika mara ya kumi na kitu sauti ikaruka ghafla, gitaa la mjomba likajaa chumba. Kijana akatoa simu kufuta oda ya hedi.