Herufi moja, maisha mawili

Kazi yangu ni kusoma maisha ya watu yakiwa yamegeuzwa herufi. Tunachukua mtu mmoja, mwaka kwa mwaka, tangu miaka 18 hadi 30: M akiwa masomoni, A akiwa na ajira ya kudumu, V akiishi kwa vibarua, H akiwa hana kazi wala shule. Mmoja anatoka MMMMAAAAAAAAA, mwingine VHVVHMVVHAAVA. Kompyuta inahesabu ni herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au zifutwe ili mstari mmoja ufanane na wa pili, na inayokaribiana inawekwa kundi moja. Mbinu hii mwanasosholojia Andrew Abbott aliiazima miaka ya 1980 kwa wanabiolojia waliokuwa wakilinganisha DNA.

Makundi yakishapatikana, unauliza nani kaangukia wapi. Elimu na kipato cha wazazi hujitokeza mara moja, na hilo halimshangazi mtu.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba herufi zinadanganya. H ya mtoto wa wenye nacho huenda ni mwaka mzima wa kukaa kwa wazazi akingoja nafasi inayolingana na cheti chake. Kodi ya nyumba halipi, chakula kipo mezani. Mwenzake asiye na pa kuegemea hushika kazi yoyote inayotokea, hata iwe chini ya ujuzi wake, na ndiyo atakayoikuta mwajiri anayefuata kwenye wasifu wake. Watafiti huzungumzia kovu la ukosefu wa ajira: mshahara unaendelea kubaki nyuma miaka kadhaa baada ya mtu kupata kazi. Sasa, dodoso ngapi huuliza nani alikuwa akilipa kodi?

Nchini Uingereza, watoto zaidi ya 17,000 waliozaliwa juma moja la Machi 1958 wamefuatiliwa tangu siku hizo. Walipofikia miaka 44 na 45, wauguzi waliwafuata majumbani wakawapima presha na nguvu ya mapafu, wakachukua na damu. Hapo ndipo unaweza kuweka nyumba aliyotoka mtu, njia aliyopita na mwili alio nao kwenye hesabu moja. Kwa kawaida, ukiingiza njia, yaani ule mstari wa herufi, athari ya nyumba aliyotoka mtu kwa afya yake hupungua bila kwisha. Mapafu yanaonyesha sababu: hukua hadi mtu anapoingia miaka ya ishirini, kwa hiyo moshi na unyevunyevu wa utotoni haufutwi wote na mshahara mnono wa ukubwani.

Ila tahadhari. Kijana aliyeugua akiwa na miaka 16, akaacha shule, akayumba na vibarua, akafika 45 akiwa bado mgonjwa, hakuugua kwa sababu ya vibarua. Ndiyo maana mtu akiniletea grafu yake ya makundi, hata kabla sijaangalia rangi alizochagua, namuuliza afya ya ujanani kaiweka wapi.