Chaja ya Betri kwa Gari la Spoti Linalolala Msimu Mzima wa Mvua

Katika karakana yangu hapa Mtwara, gari la spoti ni nadra kuletwa kwa sababu limetembea sana. Huletwa, na mara nyingi kwa kuvutwa na kamba, kwa sababu limelala sana. Mvua za huku kusini ni za msimu mmoja, zinaanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na mwenye Mazda Roadster ya viti viwili au Nissan Fairlady Z, ambayo tumbo lake limekaribia ardhi, hawezi kuipitisha kwenye madimbwi ya mitaani bila roho kumuuma. Basi hulifunika gari lake turubai mwezi wa Desemba, hupanda jingine la kazi, na hulikumbuka tena karibu na Pasaka, ambapo hugeuza ufunguo na kusikia mlio mmoja tu wa stata, au asisikie chochote.

Swali linalofuata ni lile lile kila mwaka: fundi, ninunue chaja ya ampea ngapi? Kwa gari linalolala, swali hilo limeanzia mkiani. Chaja ya namna hiyo huchaguliwa kwanza kwa aina ya betri iliyomo ndani ya gari, kisha kwa joto la banda na tabia ya umeme wa nyumba itakamochomekwa. Ampea huja nyuma kabisa.

Ieleweke kwanza kwamba gari lililozimwa halijazimika lote. Saa, kumbukumbu za kompyuta, kipokezi cha rimoti na kengele ya wizi vyote huendelea kunyonya kidogo kidogo, na gari zima lisilo na kasoro hula kati ya miliampea 20 na 50. Tuchukue hizo 50: kwa siku ni ampea-saa 1.2 (ampea-saa moja ni ampea moja ikitumika kwa saa moja), na kwa siku 30 ni ampea-saa 36. Betri ya ampea-saa 60 itakuwa imepoteza zaidi ya nusu ya akiba yake, na ile betri ndogo ya Roadster za zamani, ambayo uwezo wake ni kama ampea-saa 30, itakuwa imekwisha kabla mwezi haujaisha. Ongeza kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti, ambacho siku hizi kila mtu hufungiwa na mara nyingi huunganishwa moja kwa moja na betri, na hesabu inakuwa mbaya zaidi. Kwa sababu hiyo, kabla sijamshauri mtu anunue chaja, huunga multimita, yaani kipimo cha umeme cha mkononi, kati ya waya wa hasi na betri, nasubiri kama nusu saa ili kompyuta zote zilale, kisha nasoma. Nikikuta miliampea 200, namwambia tumtafute kwanza mwizi wa umeme ndani ya gari, kwani chaja itamficha tu.

Jambo la pili ni joto, na hapa ndipo miongozo mingi inayoandikwa Ulaya inapotupoteza. Wenzetu wa kule huyalaza magari yao wakati wa baridi, na baridi, pamoja na taabu zake zote, hupunguza kasi ya betri kujimaliza yenyewe. Sisi tunayalaza wakati wa fukuto. Kanuni ya jumla ya betri za risasi na asidi ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10, kasi ya kujimaliza hukaribia kuwa maradufu. Betri ikikaa na chaji pungufu, salfeti ya risasi iliyotanda juu ya sahani zake hugeuka fuwele ngumu zisizokubali kuyeyuka tena, na huo ndio ugonjwa unaoua betri nyingi za magari ya akiba. Utelekezwaji huziua kabla matumizi hayajapata nafasi. Betri iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma volti 12.6 au 12.7, ya AGM, aina nitakayoieleza hivi punde, hufika 12.8 na zaidi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, ikisoma 12.0 ina robo, na kila siku inayokaa hapo inajichimbia kaburi.

Sasa aina ya betri. Betri ya maji, ambayo ina vifuniko sita vya kufungua na kuongezea maji, huchajiwa hadi karibu volti 14.4. Ile iliyozibwa ambayo wengi huiita betri kavu mara nyingi ni betri ya maji isiyofunguliwa, na kanuni zake ni zile zile. Betri ya AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, hutaka kati ya 14.4 na 14.8 kutegemea mtengenezaji, na haivumilii kuchemshwa, kwa kuwa maji yanayotoka hayarudishwi. Ya jeli hutaka kidogo zaidi ya 14 na ni nyepesi kudhurika. Kisha kuna lithiamu ya fosfeti ya chuma, ambayo Porsche ilitangaza mwaka 2009 kuiuza kama chaguo la ziada kwa 911 GT3, GT3 RS na Boxster Spyder, ikiwa na uzito usiofika kilo 6, yaani pungufu ya ile ya risasi kwa zaidi ya kilo 10. Hii ya mwisho ni mnyama mwingine kabisa: ikipumzika husoma zaidi ya volti 13, na chaja yenye hatua ya kusafisha salfeti kwa mapigo ya volti kubwa haifai kuunganishwa nayo. Mwenye lithiamu anunue chaja iliyoandikwa lithiamu. Hapo sina mjadala na mtu.

Nililijua somo la betri za AGM kwa gharama yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliamua kuifufua betri ya AGM ya mteja kwa kutumia kile kitufe cha chaja cha kurekebisha betri, ambacho hupandisha volti karibu na 16, nikaenda kula mchana nikiamini nimefanya jambo la maana. Kitufe kile ni cha betri za maji zilizochoka. Niliporudi, kisanduku cha betri kilikuwa cha moto na kimevimba ubavuni, na betri mpya nililipa mimi.

Chaja ya kutunza, tofauti na chaja ya kawaida, ni ile inayojua kushuka. Huanza kwa kusukuma mkondo wake wote, kisha hushikilia volti za juu huku mkondo ukipungua wenyewe, na betri ikijaa hushuka hadi kati ya volti 13.2 na 13.8, ambapo hubaki ikifidia tu kile kinachopotea. Masanduku mengi dukani yameandikwa kwamba chaja ni ya kujiendesha yenyewe, ilhali ndani yake kuna transfoma na taa ya kijani tu. Usiamini sanduku. Iunganishe na betri nzima, iache siku moja baada ya taa ya kijani kuwaka, kisha pima kwa multimita kwenye vichwa vya betri. Ukisoma 13.5 au karibu na hapo, umepata chaja ya kutunza. Ukisoma 14.5 siku ya pili, umenunua jiko la kuchemshia betri, na ni heri uirudishe dukani risiti ingali mfukoni.

Hata hizo volti za kutunza zinahitaji kupungua joto linapopanda. Takwimu zinazoandikwa kwenye vitabu ni za nyuzi 25, na kwa kila nyuzi moja inayozidi, chaja inapaswa kupunguza milivolti 18 hadi 24 kwa betri ya volti 12. Banda la mabati saa nane mchana mwezi wa Januari linaweza kufika nyuzi 38, ambazo ni 13 juu ya kipimo, na kwa hesabu ya milivolti 20 tunapata volti 0.26 za kupunguzwa. Volti 13.6 zinazofaa London zinapaswa kuwa karibu 13.3 kwetu. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ikidumu miezi minne hukausha betri iliyozibwa. Kwa hiyo nikilinganisha chaja mbili, moja ikiwa na ampea nyingi na nyingine ikiwa na kipima joto, huchukua ya pili bila kusita. Kipima joto kilicho kwenye waya karibu na betri ni bora kuliko kilicho ndani ya kisanduku cha chaja, maana kisanduku hupata joto lake chenyewe na kumdanganya mwenyewe.

Kuhusu umeme, somo la kwanza limo ndani ya buti la gari lenyewe. Magari yetu mengi yametoka Japani, na baadhi hufika na chaja ya mwenye gari wa zamani, safi kabisa, ikiwa imefungwa vizuri kwenye mfuko wake. Umeme wa Japani ni wa volti 100, na wetu ni wa 230. Soma kibandiko cha nyuma: ikiwa kimeandikwa 100 hadi 240, ni halali kwako; ikiwa kimeandikwa 100 peke yake, ukiichomeka utapata moshi kabla hujapata chaji.

Somo la pili ni kukatika kwa umeme, jambo ambalo halitajwi kabisa kwenye sifa zinazopigiwa chapuo. Baadhi ya chaja, umeme ukikatika na kurudi, huendelea zilipoishia. Nyingine hurudi kwenye hali ya kusubiri na kungoja mtu abonyeze kitufe. Mtu akisafiri kwenda Dar es Salaam kwa wiki tatu na umeme ukakatika siku ya pili, chaja ya namna hiyo itakuwa pambo kwa siku zote zilizobaki. Ijaribu dukani mbele ya muuzaji: iunganishe, chagua aina ya betri, zima swichi ukutani, hesabu hadi kumi, washa. Ikikumbuka, lipa. Angalia pia kama kitabu chake kinataja kiasi ambacho chaja yenyewe huinyonya betri umeme ukiwa haupo. Katika chaja nzuri ni kama ampea-saa moja kwa mwezi, au pungufu. Mimi huongeza kile kifaa kinacholinda friji, kinachochelewesha umeme dakika chache unaporudi, kwa sababu marejeo ya umeme huja na kishindo.

Nimesema ampea ni za mwisho, lakini si bure. Ampea 1 inatosha kuitunza betri iliyojaa. Ila kwa betri ya ampea-saa 60 iliyobaki nusu, ampea 1 itahitaji zaidi ya saa 30 za umeme usiokatika, ilhali ampea 5 zitaimaliza kazi hiyo kati ya asubuhi na jioni. Hivyo kwa betri za ukubwa huo hushauri ampea 4 au 5, na kwa Roadster ndogo ampea 2 au 3. Anayeogopa LUKU atulie: chaja iliyofika hatua ya kutunza na kutumia wati 5 hula uniti zisizofika nne kwa mwezi. Paneli ndogo ya jua yenye kidhibiti nayo inafaa, kwa anayeegesha nje.

Ufungaji ni nusu ya kazi. Hapa pwani chumvi ya hewani hula vibano kwa muda mfupi, hivyo mimi hufunga waya wa kudumu wenye viringi na fyuzi kwenye betri, nikautoa mahali ambapo mwenye gari ataufikia bila kufungua chochote. Hilo la kufungua si dogo. Katika Porsche 911 kadhaa betri iko mbele, chini ya kifuniko kinachofunguliwa kwa umeme wa betri hiyo hiyo, na ikifa utaanza kutafuta namna ya kuingiza umeme kupitia kisanduku cha fyuzi. Roadster za kwanza zina betri kwenye buti, nazo zinahitaji ule mpira mwembamba unaotoa gesi nje, kwa kuwa haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa hulipuka kwa cheche moja. Kwenye BMW za karibuni zenye kihisi kwenye waya wa hasi, kibano cheusi hufungwa kwenye bodi, si kwenye betri, ili kompyuta ya gari ihesabu chaji inayoingia.

Mteja aliyenifanya niandike haya ni mzee mmoja wa Shangani, hapa hapa Mtwara, mstaafu, mwenye Roadster nyekundu anayoipenda kuliko anavyokiri. Mwaka juzi aliniita nyumbani. "Shikamoo mzee," nikamwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza, "Fundi, mbona gari limeninunia?" Buti lilinuka mayai yaliyooza, ule mpira wa gesi haukuwapo, na chaja ya transfoma aliyoazima ilikuwa imewashwa tangu Ijumaa, siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Tulitupa betri, tukakwangua kutu kwenye sakafu ya buti na kupaka rangi, tukafunga AGM ndogo pamoja na mpira mpya, na chaja ya ampea 3 yenye kipima joto cha waya. Januari iliyopita, mvua ikinyesha na turubai likiwa juu ya gari, alinipigia simu kunisomea multimita yake mwenyewe, kwani siku hizi anayo: volti 13.38 saa saba mchana. Nilimwambia aiache hivyo hivyo. Alikwisha iacha, akasema, alitaka tu nijue kwamba amepima.