Vijana Wanaenda Takwa: Maswali ya Wazazi kwa Muuguzi

Likizo ikikaribia, vikundi vya vijana hapa Lamu huanza kupanga safari ya siku 2: kupiga kafi hadi magofu ya Takwa kisiwani Manda, kulala huko, kurudi kesho yake. Wenye miguu mizuri huongeza matembezi ya ufuoni kutoka kijiji cha Shela kuelekea kijiji cha Kipungani, hapa hapa kisiwani Lamu. Mimi ni muuguzi, na huitwa kuzungumza na wazazi kabla ya watoto kuondoka. Swali la kwanza huwa nyoka. Nyoka nitamfikia.

Mbona unaanza na maji kupwa na kujaa? Sisi si tumezaliwa baharini?

Ndiyo, na ndiyo maana tunadharau. Mkono wa bahari unaoingia Takwa katikati ya mikoko hupitika maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, pale pana tope na mizizi tu. Maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo saa ya kutoka jana si saa ya kutoka leo. Kila siku huchelewa kama dakika 50.

Mwaka mmoja kosa lilikuwa langu. Maji yalianza kutoka saa 3 asubuhi, sisi tukaongeza chai ya pili, tukang'oa nanga saa 5. Hatukufika mbali. Mitumbwi ilikaa topeni na sisi tukakaa ndani yake, jua la utosi, hadi maji yaliporudi jioni. Katikati ya hapo kijana mmoja, mcheshi wa kundi, akawa kimya. Kisha akamwita mwenzake kwa jina la kaka yake. Nilimwambia asimame, akayumba.

Hilo ndilo la kukumbuka kuhusu joto. Kiu, kichwa kuuma, kichefuchefu na misuli kukaza ni onyo: mtie kivulini, anywe, apumzike. Lakini akianza kuchanganyikiwa, kuropoka au kuanguka, joto la mwili huenda limepita nyuzi 40 na ubongo umeanza kuumia. Usingoje jasho likauke. Aliyekuwa akipiga kafi anaweza kuwa katika hali hiyo na bado analowa jasho. Tulimvua shati, tukatandaza tanga juu yake, tukamwagia maji ya bahari ndoo kwa ndoo huku wawili wakimpepea. Anayepotewa na fahamu hapewi maji ya kunywa, yatampalia. Mpoze kwanza, kisha msafirishe. Yeye alipona.

Maji ya kunywa kiasi gani?

Huko Manda usitegemee kisima. Inasadikika kuwa mojawapo ya sababu za watu wa Takwa kuuhama mji wao katika karne ya 17 ni visima kuingia chumvi, wakavuka kwenda Shela. Chukueni yote kutoka nyumbani.

Hesabu yangu ni lita 4 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, na lita 2 za kupikia na kunawa. Watu 15 kwa siku 2 ni lita 180, yaani mitungi 9 ya lita 20. Mtumbwi hauwezi kubeba hayo pamoja na watu, kwa hiyo lazima mashua ya kusindikiza. Kiongozi akikwambia "tutabeba chupa chupa", mrudishe mtoto nyumbani.

Akiharisha au akitapika, mpe dawa ya maji na chumvi ya pakiti. Pakiti zikikosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Usikisie. Chumvi ikizidi humdhuru. Na wali uliopikwa jana usibebwe, hata ukinukia vipi. Tende, mahamri na viazi vya kuchemsha vinatosha.

Mwanangu anajua kuogelea tangu utotoni. Jaketi okozi la nini?

Anajua kuogelea akiwa mzima, mchana, amevua nguo. Aliyegongwa kichwa na mtumbwi haogelei.

Jaketi lijaribiwe nchi kavu. Funga vifungo vyote, kisha mwinue kijana kwa mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno na majini litamvuka. Siku moja kabla ya safari wapeleke wote kwenye maji ya kifua, wapindue mtumbwi kwa makusudi wakiwa na nguo zao za safari. Amri ni moja: ushike mtumbwi, usiuache ukaifuata nchi kavu. Pwani huonekana karibu kuliko ilivyo.

Kwa mabinti, buibui na dera vikilowa huwa vizito na hujifunga miguuni. Suruali pana nyepesi, kanzu fupi hadi magotini na mtandio uliochomekwa ndani, stara iko pale pale. Na wabebe sodo au taulo za kutosha katika mfuko usioingia maji, hata kama siku zao bado. Kiongozi wa kike awe miongoni mwa wakubwa. Bila yeye mabinti hawatasema wakiumwa.

Aliyezama akitolewa, tumbo linakamuliwa?

La. Wala hapinduliwi kichwa chini. Kilichomuua aliyezama ni kukosa hewa, na kukamua tumbo huleta matapishi yakaingia mapafuni. Mlaze chali, inua kidevu. Kama hapumui, au anatweta kwa nadra kama samaki aliyevuliwa, bana pua yake na umpulizie pumzi 5 mdomoni, kifua kikipanda kila mara. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2. Endelea hivyo hadi apumue au msaada ufike. Hata akiamka na kucheka, apelekwe Hospitali ya King Fahd mjini siku hiyo hiyo, kwani mapafu yanaweza kujaa saa kadhaa baadaye.

Mwanangu ana siko seli, ule ugonjwa wa damu wa selimundu. Nimkataze?

Dada yangu, swali hili napenda uliulize mapema, si gatini. Huku pwani watoto wenye siko seli ni wengi, na kukosa maji, kuchoka kupita kiasi na baridi ya usiku baada ya kulowa ndivyo vinavyoamsha maumivu. Nenda naye kliniki yake kwanza. Kama mwaka huu amelazwa mara kwa mara, safari hii aiache. Kama yuko shwari na daktari amekubali, mimi ningemruhusu akae ndani ya mashua ya kusindikiza, si kupiga kafi, awe na chupa yake na nguo kavu za kulalia. Akipata homa au maumivu ya kifua, harudi kulala. Anapelekwa hospitali.

Wenye pumu, kifafa na kisukari nao waandikwe, na dawa zigawanywe mara mbili katika mifuko 2 isiyoingia maji, kila mmoja katika chombo chake cha majini. Mwenye kifafa hapigi kafi peke yake. Na kijana anayetafuna muguka, majani ya kuchangamsha ya jamii ya miraa, usiku kucha halafu asubuhi hana njaa wala usingizi, huyo naye ni mgonjwa wa safari hii. Muulizeni kwa upole, bila kumfokea mbele ya wenzake.

Haya, nyoka?

Watembee na viatu, wamulike tochi usiku, wasitie mkono wasipoona. Yule wa kukanyagwa ni kifutu, kwa sababu hulala tu njiani. Akiuma: mtulize, mvue pete na bangili kabla hajavimba, mguu ukae bila kusogezwa, mpeleke hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, na lile jiwe jeusi linalosemwa hunyonya sumu libaki kabatini.

Kinachowaumiza vijana hasa ni chaza kwenye mizizi ya mikoko, wanaokata kama wembe. Kandambili hubaki topeni, kwa hiyo vaeni raba kuukuu za kufunga kamba. Osheni kidonda kwa sabuni na maji safi, na kabla ya safari ulizeni sindano ya pepopunda ya mwisho ilikuwa lini. Samaki taa naye, mwenye mwiba wa sumu mkiani, hulala mchangani penye maji mafupi, basi buruteni miguu mkitembea ili akimbie. Akichoma, tumbukizeni mguu katika maji ya moto anayoweza kuvumilia, yasiyozidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Ayajaribu kwanza mtu mzima kwa mkono wake, maana mwenye maumivu hatambui kuwa anaungua. Mwiba ukiwa kifuani au tumboni usichomolewe.

Na msitu wa Boni? Vijana wanautamani.

Huko siwapeleki, na sababu si ya kiafya bali ya usalama. Hata ya Manda, chifu na polisi waarifiwe.

Amerudi salama, wiki ya pili ana homa. Ni uchovu wa safari?

Usiuite uchovu. Malaria huchukua siku 7 au zaidi tangu kuumwa na mbu, kwa hiyo aliyelala nje bila chandarua huugua akiwa tayari amesahau safari. Apimwe damu siku hiyo hiyo. Na mwambie daktari mwenyewe kwamba alilala Takwa, kijana hatasema.