Kinachojificha Nyuma ya Friji Hakiliwi

Kwenye mafunzo ya lishe ninayoendesha huwa naanza na zoezi moja: bila kunyanyuka hapo ulipokaa, taja vitu vitano vilivyomo kwenye droo ya chini ya friji yako, au kwenye kapu la mboga kama huna friji. Watu huanza vizuri. Karoti. Hoho. Wakifika cha tatu wanatazamana na kucheka. Nami simo nje ya kicheko hicho, maana majuzi tu nilitoa kwenye droo yangu fungu la mboga za majani lililokwisha kuwa uji wa kijani ndani ya mfuko wa plastiki, na chini yake zimelala hoho mbili zilizonyauka. Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimenunua hoho nyingine mbili.

Hapo ndipo pesa zinapovuja. Tunapotupa chakula, kwa kweli tunakizika tu. Kilikufa siku kiliposukumwa nyuma na kitu kingine, tukakisahau.

Kwa hesabu za UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Ni kama kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka, ingawa humo wamehesabu pia maganda, mifupa na kokwa. Wapo wanaosema haya ni matatizo ya matajiri. Ripoti hiyo, iliyotoka 2024, ilikuta kwamba tofauti kati ya nchi za kipato cha juu na za kipato cha kati, kwa wastani wa kinachotupwa nyumbani, ni kilo 7 tu kwa mtu kwa mwaka.

Mtu akishasikia hivyo, wazo la kwanza ni kwenda kununua makopo mazuri ya kupangia, yale yanayofanana yote na yenye vifuniko vya rangi. Subiri kwanza. Kwa wiki moja bandika karatasi karibu na ndoo ya taka, na kila kitu kinachotupwa kiandikwe: nini, kiasi gani, kwa nini. Maganda na mifupa yaache. Hiyo "kwa nini" ndiyo ya thamani. "Wali ulichacha" ni tatizo moja, "tulipika mwingi" ni tatizo lingine, na "sikujua kama upo" ni la tatu. La kwanza linatibiwa kwa namna ya kuhifadhi, la pili kwa kipimo cha mchele, la tatu kwa mpangilio. Ukinunua makopo kabla ya kujua ugonjwa wako ni upi, utabaki na makopo mazuri yenye vitu vilivyooza ndani.

Rafu ya kuliwa kwanza

Kama utachukua jambo moja tu kwenye makala hii, lichukue hili. Chagua sehemu moja ya friji, iliyo usawa wa macho, uifanye makao ya vitu vinavyotakiwa kuliwa kabla ya vingine: nusu ya nyanya iliyobaki, maziwa yaliyofunguliwa, kiporo cha jana, ndizi mbivu iliyomenywa ikaachwa na mtoto. Trei ya kawaida au bakuli pana inatosha. Kila anayefungua friji akiwa na njaa aanzie hapo, na anayepika naye aanzie hapo kabla hajafikiria apike nini. Asiye na friji aweke kapu dogo juu ya meza ya jikoni, kazi yake ni ileile.

Inafanya kazi kwa sababu haimlazimu mtu kukumbuka chochote. Nyumba nyingi zina mtu mmoja anayejua nini kipo, kwa kawaida ndiye mpishi, na akisafiri siku mbili chakula kinaharibika huku waliobaki wakinunua kingine. Trei ikiwa mbele ya macho, hata mgeni anajua aanze na nini.

Maghala huita utaratibu huu "kilichoingia kwanza kitoke kwanza". Nyumbani maana yake ni kwamba ukirudi na unga mpya, ule wa zamani unasogezwa mbele na mpya unakaa nyuma. Kwenye chombo chochote cha kiporo bandika kipande cha karatasi ya gundi chenye jina na tarehe. Unaweza kudhani utakumbuka. Hutakumbuka, hasa kwenye friza, ambako baada ya wiki tatu mchuzi na supu vinafanana.

Kila kitu na mahali pake

Friji iwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Mlangoni ndiko kwenye joto zaidi, kwa hiyo weka huko vitu vyenye chumvi, siki au sukari nyingi. Maziwa yakae ndani. Nyama na samaki wabichi wakae rafu ya chini kabisa ndani ya chombo, ili maji yao yasidondokee chakula kilichoiva. Na usiijaze friji hadi hewa ya baridi ikakosa pa kupita.

Kuna vitu friji haivitendei haki. Nyanya hupoteza ladha. Ndizi huwa nyeusi. Mkate hukauka upesi kuliko ukiwa kabatini, kwa sababu wanga wake hukakamaa kwenye ubaridi. Kama hautaisha, ukate vipande uuweke friza, kisha utoe vipande unavyohitaji. Viazi na vitunguu vinataka giza, ukavu na hewa, kila kimoja kwenye kapu lake, maana vikichanganywa huharibiana.

Matunda nayo yana lao. Ndizi, tufaha, parachichi, embe na nyanya, vinapoiva, hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huharakisha kuiva kwa kilicho jirani. Ukiweka mboga za majani au matango karibu na ndizi mbivu, yatageuka manjano kabla ya wakati. Gesi hiyohiyo unaweza kuitumia: parachichi gumu likifungwa kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu litalainika upesi. Mboga za majani zenyewe adui yake mkubwa ni maji. Usizioshe ukazifunga zikiwa bado zinadondosha. Zifunge kwenye kitambaa kikavu, uzioshe siku ya kupika.

Kiporo

Hapa natumia muda mrefu kwenye mafunzo, kwa sababu kiporo kinaokoa pesa nyingi na kinaweza pia kumpeleka mtu hospitali. Shirika la Afya Duniani linaelekeza chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kosa ninaloliona mara nyingi ni sufuria kubwa ya wali inayoachwa jikoni usiku kucha "ipoe". Katikati ya sufuria ile joto hubaki kwa saa nyingi, na ndilo joto bakteria wanalolipenda. Wali una bakteria wake, Bacillus cereus, ambaye spora zake, yaani mbegu zake zilizolala, hazifi kwa kuchemshwa. Zikipata uvuguvugu huamka, bakteria huzaliana na kuacha sumu ambayo hata ukipasha moto asubuhi haiondoki. Kwa hiyo uhamishie wali kwenye trei pana, uutandaze uwe mwembamba, utapoa haraka, kisha ingiza kwenye friji.

Humo kiporo kiliwe ndani ya siku 3 au 4, na ukipashe hadi kitoe mvuke kote, nyuzi 70 kwenda juu, mara moja tu. Pasha kiasi cha kuliwa, si sufuria nzima. Ukiona hakitaisha, kigandishe siku ileile, kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja. Kugandisha kiporo siku ya nne, kikishaanza kunuka, ni kuahirisha kukitupa.

Sasa manunuzi, na hapa sina mengi. Fungua friji na kabati kabla ya kutoka, piga picha kwa simu, uitazame ukiwa dukani. Panga milo ya siku nne au tano badala ya saba, siku zinazobaki ni za viporo na za mambo yasiyotarajiwa. Bei ya jumla ni nafuu kwa kile mnachokula mpaka kikaisha. Vinginevyo umelipia nafasi kwenye ndoo.

Tarehe za kwenye pakiti nazo huwapoteza watu. "Tumia kabla ya" inahusu usalama: ikipita, achana nacho hata kama hakinuki. "Bora kabla ya" inahusu ubora, yaani ladha na ulaini. Tambi au biskuti zilizopitisha tarehe hiyo, zikiwa zimefungwa vizuri, mara nyingi bado zinalika. Watu wengi hutupa za pili kwa hofu ya za kwanza.

Kuna mahali nakataza ubahili. Ukungu kwenye mkate au kwenye tunda laini umeshapenya ndani kuliko unavyoonekana, kukata kipande cha juu hakutoshi. Na mahindi au karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi huenda zina sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuosha, kukaanga wala kupika, na ikiliwa kwa muda mrefu husababisha saratani ya ini. Nafaka iingie kwenye chombo ikiwa kavu kabisa, chombo kikae juu ya kichanja mbali na ukuta, na mfuniko ukaze. Zikishaota ukungu usizichanganye na nzuri, wala usizipeleke kwa ng'ombe ukidhani umeokoa kitu: sumu hiyo hutoka kwenye maziwa yake.